Mama Hajasafiri

Kila asubuhi, kabla hajatia kitu tumboni, Chiriku alifagia nywele. Sebule ya kwao ndiyo ilikuwa saluni ya mama yake: viti vitatu vya plastiki, kioo chenye ufa, na kichwa cha bandia cha kujifunzia ususi. Jina hilo la Chiriku alipewa na wateja, maana kinywa chake hakikujua likizo. Lakini hata yeye alinyamaza Mama Cheko alipofungua mdomo. Mama Cheko alikuwa shoga wa mama yake na msusi mwenzake. Alipoangua kicheko, mteja naye alitikisika na mstari wa nywele ukaenda upogo. Nyumba ilijaa watu na umbea wa mtaa mzima hadi paka akakosa pa kulala.

Ndipo gonjwa likaingia. Shule zikafungwa, saluni ikafungwa, na Mama Cheko akapelekwa hospitali akitembea kwa miguu yake mwenyewe. Hakurudi. Alizikwa na watu sita waliovaa meupe utosini hadi nyayoni. Hapakuwa na matanga, hapakuwa na mtu wa kumshika mwenzake bega. Mama alisimama mbali, nyuma ya kamba, macho makavu.

Tangu siku hiyo hakusema neno. Shangazi, aliyekuwa akiishi nao, alimvuta Chiriku jikoni.

"Sikiliza wewe, mdomo wazi. Atakayegonga, mwambie mama amesafiri."

"Lakini yupo ndani, shangazi!"

"Ndiyo maana nakwambia! Watu wakisikia msusi hali, halali, haongei, watasema amerukwa na akili. Nani atampa tena kichwa chake asukwe? Siri ya nyumba ni nguo ya ndani, haianikwi barabarani."

Wakaja. Alikuja fundi cherehani, barakoa yake ameishona kwa kitambaa cha pazia. Alikuja muuza mkaa, akasimama hatua nne kutoka dirisha la jikoni. "Mwambie mama yako nimekuja kumpa pole."

"Amesafiri."

"Barabara zimefungwa, kasafiri kwa ungo?"

Chiriku akafunga dirisha. Muuza mkaa akaguna, akaondoka. Kufikia siku ya nane, watu kumi na mmoja walikuwa wamerudishwa.

Siku ya tisa asubuhi Chiriku alimpelekea mama chai. Alimkuta saluni, madirisha yamefungwa, kichwa cha bandia kipo mapajani. Mama alisuka mstari mmoja, akaufumua. Akausuka, akaufumua. Sakafu ilijaa nywele zilizokatika. Ncha za vidole vyake zilikuwa zimechubuka, zinatoka damu. Sahani ya jana ilikuwa pembeni, haijaguswa.

Kikombe kikamponyoka Chiriku, kikapasuka. Mama hakupepesa hata jicho.

"Miaka kumi na mitano nimeshika vichwa vya mtaa huu," alisema kwa sauti nyembamba. "Nimefiwa, na hata mmoja hakuja kunipa pole. Kumbe sina watu. Sasa naamka ili iweje?"

Chiriku akamsogelea. Hakujua kama ni maneno ya mama yaliyomtisha zaidi, au kujua nani aliyeyasababisha.

"Walikuja, mama! Wote! Niliwarudisha mimi. Niliwaambia umesafiri."

Mikono ya mama ikasimama. "Walikuja?"

"Chiriku!" Shangazi alifoka kutoka jikoni. "Nilikwambia nini?"

Lakini Chiriku alishatoka mbio, peku, hadi nyumba ya tatu alikokaa muuguzi wa zahanati.

Muuguzi alifungua madirisha yote, akakaa mbali, akavikagua vile vidole kwa macho kwanza. Hakuuliza habari za ugonjwa. Aliuliza, "Hebu niambie, dada, Mama Cheko alikuwa mtu wa namna gani?"

Mama akafumbua kinywa ajibu, kikatoka kilio. Chiriku hakuwahi kumsikia mama yake akilia hivyo. Alitaka kumkimbilia amnyamazishe.

"Mwache," muuguzi alisema. "Kilio hiki kimechelewa siku tisa."

Jioni ile ile majirani walianza kuja dirishani, mmoja mmoja, kila mtu na kisa chake cha Mama Cheko. Mama hakupona siku moja. Ilibidi aende kwa mshauri nasaha wa zahanati kwa wiki nyingi. Lakini usiku huo alikula nusu sahani.

Muuguzi alipokuwa akiaga, shangazi alimfuata mlangoni. "Eti, na mtu anayepika, anayegombeza watu vizuri tu, ila hajalala tangu gonjwa lianze, na akisikia kikohozi moyo unamdunda kama unataka kutoka... huyo naye ni mgonjwa?"

"Mtu gani huyo?"

Shangazi akatazama sakafu. "Mimi."

Chiriku akageuka kumtazama. Shangazi, simba wa nyumba hii!

"Mguu ukivunjika, tunaita watu waje wambebe mgonjwa," muuguzi alisema taratibu. "Moyo ukielemewa, tunafunga dirisha na kumtuma mtoto aseme uongo. Gonjwa limetutaka tukae mbali hatua chache tu. Aibu tumejiongezea wenyewe. Na wewe, Chiriku, siri inayomtesa mtu si ya kutunzwa, hata ukiagizwa na mkubwa. Umefanya vyema kusema kweli."

"Huyo mshauri uliyemtajia wifi," shangazi akauliza kwa sauti ndogo, "yupo saa ngapi?"

"Jumatano, saa mbili asubuhi. Mwende pamoja na wifi yako."