Alhamisi Ludovic Alipovuliwa Kijani

Foleni ya tiketi ilianzia dirishani, ikapita ukumbi mzima wa uwanja wa barafu wa Jonquière, ikatoka mlangoni na kujipinda kwenye theluji hadi karibu na barabara. Ilikuwa Novemba, na kila mtu alitaka kiti cha mechi ya kwanza dhidi ya Chicoutimi. Ukumbi ulinuka kahawa na sufu iliyolowa. Nyuma ya kioo alikaa Édith Maltais, mwanamke wa miaka ishirini na tisa, mgeni kazini, muuza tiketi na mchapaji wa barua za ofisi, sweta la rangi ya zabibu limemkaa sawasawa, nywele kazibana kwa penseli. Mbele yake akafika mwanamume mrefu mwenye kovu puani, kofia kaishusha hadi kwenye nyusi.

"Tiketi kumi na moja," akasema.

"Mwisho nne kwa mtu mmoja, kaka. Tangazo hilo hapo."

"Mama yangu ana dada saba."

"Basi wapigiane kura."

Watu wakaanza kucheka. Édith hakujua wanacheka nini, mpaka mzee mmoja alipomwambia kuwa anayemnyima tiketi ni Ludovic Boivin, beki wa timu ya magongo ya barafuni ya Jonquière, na kwamba picha yake akiwa na jezi yao ya kijani imetundikwa ukutani, pale pale juu ya kichwa chake. Édith akageuka, akaitazama picha, kisha akamtazama mwenyewe.

"Kwenye picha una meno yote," akasema. "Lakini bado ni nne."

Ludovic akaondoka na tiketi nne na tabasamu ambalo wenzake walimtania nalo wiki nzima. Kesho yake akarudi kuuliza kama kuna kiti kilichorudishwa. Keshokutwa akarudi tena, safari hii bila kisingizio chochote. Kufikia Krismasi alikuwa akimwita laazizi mbele za watu, naye Édith alikuwa akimpigia simu kila Ludovic akitoka zamu kiwandani, alikokuwa akiyeyusha alumini, maana ligi yao ya mkoa haimlishi mtu. Édith alimtania kwamba anateleza vizuri kwenye barafu na kujikwaa kwenye zulia. Mama yake Ludovic, Huguette, aliyekaa jukwaa lile lile la Jonquière kwa miaka thelathini na mmoja, alimkagua Édith toka kofia hadi buti, kisha akamwongezea mchuzi. Jambo likawa limekwisha.

Januari ilipofika, ligi ilikuwa imebana. Jonquière na Chicoutimi walikuwa na pointi arobaini na moja kila mmoja. Walikuwa wamekutana mara tatu: kila upande umeshinda moja kwa bao moja, na ya tatu ikaenda hadi muda wa nyongeza. Mechi ya nne ilikuwa Jumamosi jioni, uwanjani Jonquière, na atakayeshinda ndiye angeongoza kundi. Huko kwetu miji hii miwili inatenganishwa na dakika ishirini za barabara, watu wanaoana kutoka huku na kule, lakini wiki ile hata waliooana walikuwa wakila kimya.

Alhamisi, dirisha la uhamisho wa wachezaji likiwa linafungwa saa sita mchana, Ludovic aliitwa kutoka kiwandani. Alimkuta meneja, Bwana Savard, amesimama, akachukulia kwamba anataka kumpa unahodha. Savard hakumzungusha. Kipa wao alikuwa amevunjika kidole, wasingeingia Jumamosi bila kipa, na kipa amepatikana kwa kubadilishana naye. Akamsukumia barua.

Ludovic akaisoma mara mbili. Neno Chicoutimi lilikuwepo mara zote mbili. Alihisi masikio yakivuma, kama mtu aliyebamizwa ukutani bila kumwona aliyembamiza. Akatafuta mahali popote pa kukazia macho ili asimtazame Savard, na macho yakatua chini ya karatasi, kwenye herufi mbili ndogo za jina la mtu aliyeichapa: ém, Édith Maltais. Pembeni yake, tarehe ya Jumanne.

Jumanne jioni Ludovic alikuwa kwa Édith. Édith alikuwa amempikia pai ya nyama, naye Ludovic akatumia uma kumchorea kwenye mchuzi jinsi atakavyowazima washambuliaji wa Chicoutimi. Édith alisikiliza yote, akamwongezea kipande.

Alipotoka kwa Savard, Ludovic alipita dirisha la tiketi bila kugeuza shingo. Édith akapiga simu mara saba, Ludovic hakupokea hata moja.

Habari zilifika nyumbani kabla yake. Huguette aliketi kwenye ngazi na buti zake za theluji miguuni, akashindwa kuzivua. Alisema afadhali angeambiwa mwanawe amefungwa, maana jela angeenda kumtembelea bila aibu. Kule dukani kwa mikate, mama aliyezoea kumtupia Ludovic andazi moja la ziada alimhesabia alichonunua, basi. Ijumaa Ludovic akafanya mazoezi na Chicoutimi katika jezi nyeusi na njano, pembeni ya kijana ambaye yeye mwenyewe alimng'oa jino mwezi wa kumi na mbili. Kijana yule akamsogezea chupa ya maji, na wema huo ukamuumiza kuliko matusi.

Ijumaa jioni Édith akapiga mara ya nane, Ludovic akapokea.

"Ulijua Jumanne," akasema.

"Nilijua."

"Ukanilisha."

"Ndiyo. Nikakulisha."

Ludovic akakata simu.

Jumamosi saa tisa alasiri Édith aliendesha gari hadi Chicoutimi. Basi la timu lilikuwa likinguruma nje ya uwanja wao, na mashabiki waliojitanda nyeusi na njano walimtazama vibaya kwa sababu ya skafu yake ya kijani, nayo hakuivua. Wachezaji wakaanza kutoka wamevaa suti, begi begani. Ludovic alikuwa na suti yake ya bluu na tai iliyofungwa ovyo. Alipomwona alisimama ghafla, wa nyuma yake akamgonga.

"Kama umekuja kuomba radhi, kazi ni kazi," akasema. "Nimefikiri usiku kucha. Ungenidokeza wangekufukuza. Nimeelewa."

"Hujaelewa," Édith akasema. "Timu mbili ndizo zilizokubali kutoa kipa. Chicoutimi na Sept-Îles. Savard alitaka kukupeleka Sept-Îles, asiwaongezee nguvu wapinzani."

Ludovic akakunja uso. Sept-Îles ni mji wa pwani, mwendo wa saa sita za barabara.

"Nilikuwa nimeshaichapa barua ya Sept-Îles. Kisha nikamwambia kipa wa Chicoutimi ni bora, na anaweza kuanza mazoezi Ijumaa. Ni kweli yote mawili. Lakini sikusema kwa sababu hiyo." Akaikaza skafu yake shingoni. "Akaniambia nichape upya. Mimi ndiye niliyekuleta hapa, Ludo."

Ludovic alishika kishikio cha mlango wa basi kama mtu anayetaka kuhakikisha kitu kimoja angalau bado kiko mahali pake.

"Ukanitoa kwa hawa," akasema polepole, "ili usinikose."

"Ndiyo."

"Mama hawezi kuvua buti zake."

"Najua. Nilikuwa kwake asubuhi."

"Ungeniuliza, Édith."

"Ningekuuliza ungejibu nini?"

Ludovic akatazama viatu vyake. "Ningesema Sept-Îles. Nisivae rangi hizi. Ningekwenda kwa kiburi, na kufikia Machi ningekuwa nakaa pwani ya mbali, natazama simu." Akamtazama. "Lakini ni maisha yangu. Usinichagulie tena. Niulize, hata kama unajua nitajibu upumbavu."

"Basi nakuuliza," Édith akasema. "Utanioa?"

Kijana wa jino, aliyekuwa akipanda, akasahau kupanda. Ludovic alibaki kinywa wazi, mvuke ukimtoka kama birika lililosahauliwa jikoni.

"Nimesema uniulize mambo yangu," akasema.

"Hili si lako?"

Kocha akapiga honi. Ludovic akacheka mara moja, kicheko kifupi cha mtu aliyeshtuliwa mara tatu ndani ya siku tatu, akamvuta na kumbusu paji la uso juu ya skafu ile ya kijani.

"Ndiyo," akasema. "Na leo?"

"Leo nitakuzomea kama wengine."

"Zomea kwa nguvu."

Basi lilipoondoka, Édith aliingia garini na kumpigia Huguette. Akamweleza yote, la barua na la kuoana, kwa pumzi moja.

"Njoo mapema," Huguette akasema. "Kaa karibu yangu. Ludovic akianza kuteleza sijui kama nitazomea au nitalia, na sitaki kuwa peke yangu."