Goti la Msafiri

Mtama ulikuwa umeanza kukomaa. Kila asubuhi Zaitun alipanda dungu, jukwaa la miti lililosimama katikati ya shamba lao, nje kidogo ya mji wa Kondoa, akawaamia ndege wasile nafaka. Msafiri, mumewe, alibaki chini. Zamani alikuwa askari wa Wajerumani. Katika vita vya kusini risasi ilimpiga gotini, na tangu hapo mguu wa kulia haukukunjika sawasawa. Ngazi ya dungu ilimshinda.

Siku moja Msafiri alirudi mapema kutoka bomani, alikokwenda kupimwa na daktari wa serikali. Zaitun alimkuta amekaa mlangoni, goti limevimba.

"Daktari amesemaje?"

"Amesema mimi mzima."

"Mzima? Jana nani alikuinua mkekani?"

"Niache, mama."

Jambo lenyewe lilikuwa zito. Reli ilikuwa imefika Dodoma, na jumbe alikuwa akikusanya wanaume wa kubeba mizigo ya serikali mpaka huko, kupitia Chemba. Askari wa zamani aliyeumia vitani aliweza kuachwa, lakini lazima daktari wa boma aseme kwamba hawezi. Mwenye goti lile angeanguka njiani, na aliyeanguka njiani hakungojwa.

Jioni alikuja jirani yao, Mustapha. Kazi yake ilikuwa kuosha vidonda na kufunga bendeji chumbani kwa daktari. Mkononi alishika fimbo ya Msafiri.

"Nimekuja kula ugali," alisema, "na kukugombeza."

"Gombeza. Leo ni zamu ya kila mtu."

Zaitun aliweka ugali wa uwele na mlenda. Mustapha alinawa.

"Daktari alikuuliza unaumwa wapi. Ulijibuje?"

"Nilisimama wima. Nikasema, sijambo, bwana."

"Sijambo!" Zaitun aliguna.

"Askari hasemi anaumwa mbele ya mkubwa wake. Tulifundishwa kwa kiboko."

"Halafu?"

"Halafu akanipinda mguu huku akiongea na mkalimani, kana kwamba ananunua ng'ombe. Akauliza kama risasi ilinipata nikikimbia. Nikimbie, mimi? Nilikuwa nimembeba mwenzangu Athuman. Alifia mgongoni kwangu."

Zaitun alimsogezea mumewe bakuli la mlenda. Kisha Mustapha alimgeukia Zaitun.

"Shemeji, alipiga benchi teke. Kwa mguu huohuo mbovu! Akatoka, akashuka ngazi za boma kwa kuruka, fimbo akaiacha. Daktari alikuwa dirishani. Akasema, 'Mguu wa huyu ni mzuri kuliko wangu.'"

Zaitun alicheka, kisha akajiziba mdomo.

"Kwa hiyo kosa ni langu?" Msafiri aliuliza. "Mtu anitukane, nimchekee?"

"Hasira yako ni ya haki. Ninakueleza tu inafanya nini mwilini. Mtu akikasirika sana, moyo unakwenda mbio, misuli inakaza, na maumivu yanaweza kujificha kwa muda. Vitani ulitembea na risasi gotini, sivyo?"

"Mpaka jioni."

"Na leo maumivu yamekuja lini?"

"Nilipofika hapa."

"Basi. Daktari hayuko hapa. Anajua yale tu anayoyaona na kuambiwa. Ameona mtu anayeruka ngazi, na ameambiwa sijambo."

Msafiri alilishika goti lake. Alitafuta kosa katika maneno yale, hakuliona.

"Nifanyeje?"

"Nitamwomba mkalimani akuombee siku nyingine. Ukiingia, usisimame kiaskari. Kaa. Akikunja mguu, mwambie palepale maumivu yanapoanza. Eleza siku zako za kawaida, kazi unayoiweza na usiyoiweza. Usiongeze, maana akikukamata na uongo mmoja hatakuamini tena. Usipunguze pia. Na ukiona hasira inapanda..."

"Nitaionaje? Inakuja kama radi."

"Haiji hivyo," Zaitun alisema. "Mimi huiona. Kwanza unakaza meno. Kisha unafunga ngumi. Kelele huja mwisho."

"Basi meno yakikaza, omba nafasi," Mustapha alisema. "Vuta pumzi, itoe polepole. Na mwende wote wawili. Tena umwambie kwamba tangu vita hulali vizuri, na mlango ukigongwa unaruka. Hilo nalo ni jeraha."

Walipokwenda, daktari alikuwa yuleyule, na mdomo ulikuwa uleule. Alimtazama Msafiri, akasema neno. Mkalimani akalifikisha: "Mkimbiaji amerudi?"

Meno ya Msafiri yalikaza. Mkono ukaanza kufunga ngumi. Zaitun alimgusa bega.

"Bwana, naomba nafasi kidogo."

Alivuta pumzi, akaitoa taratibu. Akavuta tena. Vidole vikafunguka.

"Sikukimbia," alisema. "Nilimbeba mwenzangu. Siku ile hapa nilikuwa na hasira, mguu sikuusikia. Nilipofika nyumbani ulivimba. Njia fupi naiweza, kwa fimbo. Mzigo siuwezi. Kuchuchumaa siwezi. Usiku nashtuka."

"Ngazi ya dungu hapandi," Zaitun aliongeza.

Daktari alianza kulikunja goti. Halikufika mbali.

"Hapo," Msafiri alisema.

Daktari aliacha. Alichukua utepe, akapima mapaja yote mawili. La kulia lilikuwa jembamba kuliko la kushoto, kwa sababu mguu usiotumika vizuri hupungua misuli. Kipimo hicho hakukifanya mara ya kwanza. Msafiri alikuwa amekwisha kuondoka.

Daktari hakuomba radhi. Alimwambia mkalimani, "Huyu asibebe mizigo," akaita mwingine.

Msafiri alishuka ngazi za boma moja moja, fimbo mkononi.

Wiki ile Zaitun na Mustapha walilishusha dungu, likawa na kimo cha kitanda. Msafiri alikuwa amekaa juu yake, akiwarushia ndege udongo kwa kombeo, msafara ulipopita barabarani. Kati ya wapagazi alimwona Yahaya, askari mwenzake, aliyevunjika bega vitani. Mzigo alikuwa ameuegemeza kwenye bega moja tu.

"Yahaya! Daktari hakukupima?"

"Alinipima! Nilimwambia sijambo, bwana!"

Meno ya Msafiri yalikaza. Alitoa pumzi polepole.

"Ukirudi," alipaza sauti, "pitia kwangu kwanza, kabla ya kwenda kwa daktari!"

Yahaya aliinua mkono mmoja, ule mzima.