Marehemu wa Kabiro

"Woi, masikini mtoto wa watu!" Mama Kihara aliiacha nguo ndani ya beseni akasogea karibu na redio. "Nekoye! Hebu njoo usikie. Huyu msichana aliyekufa ni wa kwenu huko magharibi."

Nasipwondi alitoka chumbani na sufuria ya unga mkononi. Ndani ya ploti hiyo ya wapangaji wa Mama Kihara, huko Kabiro, hakuna aliyemwita Nasipwondi. Jina la Nekoye alipewa na Wakoli, mpenzi wake, siku ile alipomhamisha kutoka Kibera. "Mashabiki watakusumbua," Wakoli alimwambia. "Pumzisha koo hapa Kawangware mpaka santuri yetu ya pili itoke. Na usitoketoke sana." Naye alitii, kwa maana aliyependa haulizi maswali mengi.

"Amekufa nani, Mama?"

"Yule mpenzi wa Wakoli mwimbaji. Hujasikia? Kadi za salamu za rambirambi zimejaa huko redioni hadi mtangazaji anakauka mate."

"Mpenzi yupi?"

"Kwani alikuwa na wangapi? Nyamaza, wimbo unaanza."

Gitaa lililia pole pole. Kisha ikaja sauti ya Wakoli. Haikuwa ikiimba. Ilikuwa ikiongea, nzito kama ya mtu aliyekesha matangani:

"Sauti ya kike mtakayoisikia ni ya mpenzi wangu, marehemu Nasipwondi. Tulirekodi wimbo huu pamoja, kisha ugonjwa ukaninyang'anya. Lala pema, mke wangu."

Sufuria ilimtoka Nasipwondi mkononi. Unga ukamwagika hadi kwenye maji ya sabuni.

Kutoka ndani ya kile kisanduku, akajisikia mwenyewe akiimba: "Niko karibu, usilie, niko karibu nawe." Siku ya kurekodi aliambiwa kwamba wimbo ni wa msichana anayesafiri. Maneno yale ya mwanzo hayakuwepo.

Kwa miaka mitatu alikuwa amengoja Wakoli amwite mke wake. Leo amemwita, na nchi nzima imesikia.

Mama Kihara alipangusa macho kwa upindo wa leso. "Ulimjua?"

"Nilimjua."

"Alikuwa mtu mzuri?"

"Alikuwa mjinga, Mama."

"Aii, Nekoye! Marehemu hatukanwi."

*

Alitembea kwa miguu kutoka Kabiro, akapita Riruta, akashuka hadi Kambi Muru kule Kibera huku kitambaa amekivuta usoni. Mlango wa Wakoli ulikuwa wazi. Ndani, santuri mpya zilikuwa zimepangwa mpaka zikawa meza, na juu ya meza hiyo Kitheka, promota wake, alikuwa akila mahindi ya kuchoma.

"Heh!" Kitheka alicheka. "Marehemu amefufuka kabla ya siku ya tatu."

"Kitheka, funga mdomo," Wakoli alisema, akainuka haraka. "Nasi, nani alikuona njiani?"

"Hilo ndilo swali lako la kwanza?"

"Keti basi, mpenzi. Keti nikueleze."

"Nimekufa, Wako. Maiti haiketi."

Kitheka alipangusa mikono kwenye suruali. "Dada, sikiza. Ya kwanza iliuzwa kwa sababu watu walipenda mapenzi yenu. Hii ya pili, maduka yaliirudisha yote. Unaona hizi hapa? Zilikuwa mzigo. Tukaongeza maneno mwanzoni, tukabadilisha jalada, wasichana wangu wakaandika kadi za salamu. Sasa hata kiwanda hakilali. Watu wanapenda kulia."

Nasipwondi alichukua santuri moja. Kwenye jalada, chini ya maneno "Kwa Marehemu Nasipwondi", alicheka msichana mweupe mwenye nywele ndefu.

"Huyu ni nani?"

"Ni picha tu," Kitheka alisema. "Usikasirike, lakini marehemu lazima avutie."

Nasipwondi aliirudisha santuri mezani. Alimgeukia Wakoli. "Na wewe ulikubali?"

"Nilifanya kwa ajili yetu!" Wakoli alimshika mikono, na mikono yake ilikuwa na joto lilelile la zamani. "Baba yako anataka ng'ombe. Nitawatoa wapi kama santuri haiuziki? Vumilia miezi michache. Kelele zikiisha, nakupeleka kwenu, tunafunga ndoa, tunahamia Kitale. Nani atatujua huko?"

"Umeniua ili unioe?"

"Usiseme hivyo."

"Na Papa? Papa ana redio, Wako. Hulala nayo kando ya sikio."

"Wazazi wanajua. Nilimtuma Shivachi, mpiga ngoma wetu, awaeleze pole pole kwamba ni mambo ya biashara. Haki ya Mungu."

"Wanajua kweli?"

"Nasi, naweza kukudanganya mimi?"

Hapo ndipo penye ubaya wa mapenzi. Moyo wake ulikuwa ukivuja damu, lakini ulipoambiwa hivyo ulitaka kuamini. Alichomwomba kilikuwa kitu kimoja tu.

"Kesho mnaimba ukumbini Kawangware. Nitakuja. Sema mbele ya watu kwamba niko hai. Sema ni makosa, sema nilipona, sema chochote. Nitakusamehe."

Wakoli alimtazama Kitheka. Kitheka alitazama hindi lake.

"Tutaona," Wakoli alisema.

*

Hakurudi Kabiro moja kwa moja. Aliingia kwenye kibanda cha simu kando ya posta, akamwomba opereta amuunganishe na duka la sokoni kwao.

"Hallo! Duka la Wekulo."

"Wekulo, ni mimi. Nasipwondi."

Binamu yake akasema kwa ukali, "Wewe mwanamke, tafadhali. Sisi hapa tuna matanga. Usicheze na jina la marehemu."

"Nani alikusukuma mtoni ukapoteza kiatu cha shule?"

"Nani amekuambia hayo?"

"Ukamwambia Mama ni mamba amekila. Na mto wetu haujawahi kuwa na mamba."

Simu ilianguka upande wa pili. Alisikia makelele, miguu ikikimbia, mbuzi akilia. Sarafu zilikuwa karibu kumwishia alipoisikia pumzi ya baba yake.

"Kama wewe ni roho," mzee alisema, "rudi mahali pako kwa amani. Tumekulilia vizuri."

"Papa, mimi ni mzima. Hata nina njaa."

Hakuwa amewahi kumsikia baba yake akilia. Alidhani ni simu imeharibika.

"Papa, Shivachi hakufika huko?"

"Shivachi ni nani? Aliyefika ni Wakoli mwenyewe. Jumanne. Alikuja na mtu wa kupiga picha. Akajigaragaza hapa uani kuliko mama yako, huyo wa kamera akizunguka kama inzi. Akasema mwili unakuja kwa gari."

Nasipwondi aliegemea kioo. "Mkamwamini?"

"Mwanangu, mwanamume mzima analamba mchanga, ungesemaje? Tulimwambia, kama alikuwa mke wako, hatuwezi kumzika kwa jina lako bila ng'ombe. Akawatoa siku hiyohiyo. Wamefungwa hapa."

Ng'ombe. Miaka mitatu aliwaomba hao ng'ombe kwa upole, kwa machozi, kwa utani. Kwa msichana aliye hai hawakupatikana. Kwa maiti walipatikana kwa siku moja, kwa sababu kamera ilikuwepo.

"Na Mama?"

"Mama yako hajafungua mdomo tangu Jumanne. Tunamlisha uji kama mtoto."

"Papa..."

"Kaburi liko wazi, Nasipwondi. Mvua inaingia. Na unajua desturi yetu. Kaburi likishachimbwa halifungwi tupu, litatafuta mtu. Njoo wazee wakuone kwa macho, halafu tuzike mgomba mahali pako."

"Nitakuja. Nimebakiza neno moja na mtu hapa."

Simu ilikatika. Nje, mtu aliyengoja zamu aligonga kioo. "Dada, vipi? Umefiwa?"

"Ndiyo," Nasipwondi alisema, akampisha.

*

Jumapili alasiri ukumbi wa Kawangware ulijaa hadi watu wakakaa madirishani. Mama Kihara alikuwa amevaa gauni lake la kanisani, na hakujua kwa nini mpangaji wake alimbana mkono namna ile.

"Unatetemeka, Nekoye. Ni homa?"

"Ni baridi, Mama."

Jukwaani kulikuwa na kiti kitupu chenye maua. Wakoli alitoka amevaa nyeusi, na kina mama wakaanza kulia kabla hajafungua kinywa. Shivachi alipiga ngoma akiwa ameinamisha uso.

"Umelala wapi, mpenzi?" Wakoli aliimba. "Giza limeingia."

Kitheka alinyoosha kidole kuwasha kanda yenye sauti ya marehemu. Hakuwahi.

"Niko karibu, usilie," Nasipwondi aliitikia akitembea kati ya viti, "niko karibu nawe."

Vichwa viligeuka. Kwa kitambo kidogo kulikuwa na yeye tu na ile sauti, na hata Wakoli alifumba macho kama alivyozoea kufanya zamani wakiimba pamoja. Kisha mwanamume mmoja akapiga kelele, "Anamwiga marehemu!"

"Huna aibu, wewe?"

"Angalia jalada!" Msichana mmoja aliinua santuri. "Nasipwondi alikuwa mweupe! Huyu ametoka wapi?"

Kitheka, mwepesi kama panya wa jikoni, alichukua kipaza sauti. "Watu wangu, tulieni. Tumuulize mwenye msiba. Wakoli, unamjua huyu dada?"

Nasipwondi alikuwa amefika chini ya jukwaa. Angeweza kumgusa kiatu. Alisema taratibu, ili asikie yeye peke yake:

"Sema jina langu tu, Wako. Yote ya jana, hata ya Jumanne, nitayaweka chini."

Aliposikia "Jumanne", uso wa Wakoli ulibadilika. Alijua kwamba anajua. Alitazama watu, akatazama kiti chenye maua.

"Pole, dada," alisema kwenye kipaza sauti. "Wengi wamempenda marehemu mpaka wanajiona ni yeye. Simjui."

Chupa ya soda ilirushwa. Ilimpata Nasipwondi mdomoni. Mikono ikamvuta kitambaa, ikamvuta nywele.

"Mwacheni!" Mama Kihara alikuja akisukuma watu kwa viwiko. "Mwacheni mtoto! Huyu ni Nekoye, mpangaji wangu wa Kabiro! Ni uchungu umemzidi, alikuwa rafiki ya marehemu!"

"Umesikia?" watu waliambizana. "Ni Nekoye tu."

Nyuma yao, Kitheka aliwasha kanda. Nasipwondi alitolewa nje akivuja damu mdomoni, huku sauti yake mwenyewe ikimfuata mlangoni, safi kabisa, ikimwambia asilie.

*

Alimweleza Mama Kihara yote wakiwa kando ya barabara. Mama Kihara alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akakaa chini, pale pale kwenye vumbi, na gauni lake la kanisani.

"Ngai! Basi hata mimi nimekuzika."

"Hukujua, Mama."

"Jina lako unalipenda?"

"Nililipenda."

"Nasipwondi," Mama Kihara alisema pole pole, kama anayeonja chakula cha wageni. "Nasipwondi. Twende nikuoshe hilo jeraha."

Alisafiri kwao siku iliyofuata. Wazee walimgusa mikono, wakamgusa kichwa, mmoja akamwambia akohoe. Kisha vijana walikata mgomba, wakaufunga kwa shuka, wakaushusha kaburini taratibu kama unaweza kuumia. Baba yake alitupa udongo wa kwanza. Ng'ombe wa Wakoli walirudishwa kwao, kwa sababu mgomba hauolewi.

Mama yake alikaa mlangoni akitazama yote bila neno. Shughuli ilipoisha, Nasipwondi alipiga magoti mbele yake. Mama alimshika uso kwa mikono miwili, akautazama muda mrefu ule mdomo uliovimba.

"Umekula?" aliuliza.

Ndilo neno lake la kwanza tangu Jumanne ile. Na ndipo Nasipwondi alipolia.

*

Santuri iliuzwa mpaka Kampala. Mwaka uliofuata, msimu wa mvua, Wakoli alifika Kabiro amevaa koti la ngozi. Alikuwa amekonda. Nasipwondi, aliyekuwa amerudi kwa Mama Kihara, alikuwa uani na cherehani yake, akishona sare za shule za Riruta.

"Nasi."

Aliendelea kukanyaga cherehani.

"Nasi, silali. Nikifumba macho naona lile shimo la uani kwenu. Kitheka ameniacha. Ya tatu haitoki, watu wanataka ile sauti, na mimi... mimi pia nataka ile sauti. Turudiane. Tutasema ulipona. Nitapiga magoti kwa baba yako, bila kamera."

Nasipwondi alikata uzi kwa meno. Kovu dogo lilionekana mdomoni. Nitasema ukweli, kwa sababu ninyi pia mmewahi kupenda: moyo wake uliruka. Uliruka kama zamani, yeye akaungoja utue.

"Wewe ulioa," alimwambia. "Mkeo yuko kule, chini ya udongo, amefungwa shuka. Ulimlilia vizuri. Mwache apumzike."

"Nasipwondi, tafadhali!"

Mama Kihara alichungulia dirishani, mkono mmoja juu ya redio. "Nani huyo anayepiga kelele kwa ploti yangu?"

Nasipwondi aliinua macho, akamtazama Wakoli vizuri, kuanzia viatu hadi paji la uso, kama watu wa ukumbini walivyomtazama yeye.

"Simjui, Mama."

Akageuza kitambaa, akaendelea kushona.