Tangi la Karavani

Miaka hiyo treni ya metro ilikuwa bado haijaanza Doha, na Ijumaa ya mtaa wa Muaither ilikuwa na utaratibu wake. Bwana Faraji, msimamizi wa madereva katika hoteli moja, alikuwa akirudi kutoka msikitini, akila wali wa nazi aliopika mkewe Zuleikha, kisha akijinyoosha zuliani na kusimulia habari za kwao Pangani. Binti yake Mwanahawa, wa miaka kumi na miwili, na mdogo wake Amiri, wa miaka sita, walikuwa wamezishika habari zote kichwani.

"Ninyi mmekulia ndani ya kuta," baba alikuwa akimalizia kila mara. "Hamjapata kuamka mkakanyaga mchanga wenye umande."

Desemba ya mwaka 2011 akalipatia jambo hilo dawa. Joram, fundi magari kutoka Kakamega aliyeishi mtaa wa pili, alikuwa anarudi kwao moja kwa moja, naye alikuwa anauza karavani yake, yaani chumba cha magurudumu kinachokokotwa na gari, chenye vitanda, jiko dogo na tangi la maji. Ilikuwa kuukuu. Rangi yake ilikuwa imepauka, na ndani ilinukia kahawa. Kwenye mlango wa kabati palikuwa na mistari ya kalamu iliyoonyesha kimo cha watoto wa Joram, mwaka baada ya mwaka.

"Hawa wote walisharudi nyumbani kusoma," Joram alisema, akiipapasa mistari ile kwa kidole gumba. Mama akageukia dirishani.

Kuinunua kulikuwa rahisi kuliko kuiendesha. "Ukirudi nyuma na unataka iende kulia, wewe zungusha usukani kushoto," Joram alimfundisha baba kwenye uwanja mtupu. "Na usikimbize. Hii kitu haipendi mtu wa haraka." Baba aligonga pipa la taka mara mbili, mama akacheka hadi machozi yakamtoka. Mara ya tatu karavani ikaingia mahali pake, baba akashuka akitembea kama bwana harusi.

Siku ya kuagana, Joram aliwaonyesha tangi. "Limekaa mwaka mzima na maji ya zamani. Osheni mara tatu kwa dawa ya kuulia vijidudu, mmwage yote, ndipo mjaze."

"Kazi hiyo ni yangu, anko," Mwanahawa alidakia.

Alhamisi ya safari, akaianza. Maji ya kwanza yalitoka ya kahawia, tena polepole, kama yanayobembelezwa. Huko uchochoroni wenzake walikuwa wanaruka kamba. Alisubiri, akachoka. Tangi lilipokwisha kumwagika, akalijaza maji ya kunywa, akafunga kizibo na kukimbilia kamba.

"Umeosha mara tatu?" baba aliuliza.

"Mara tatu, baba."

Walipiga kambi ufukweni, kusini mwa mji. Ijumaa nzima ilikuwa ya raha. Mama alikaanga samaki aina ya changu, baba akawafundisha kusuka ukindu aliotumiwa na dada yake, na Amiri hakubanduka kwenye bomba la karavani, ambalo lilitoa maji ukikanyaga pedali. Alikanyaga, akajaza kikombe, akanywa, akakanyaga tena. Wazazi walikunywa chai. Mwanahawa alikunywa maji ya chupa, na hakutaka kujiuliza kwa nini.

Jumamosi asubuhi Amiri aliamka akitapika. Tumbo lilimwendesha hadi midomo ikamkauka. Wakamkimbiza kituo cha afya kilichokuwa jirani, wakapokewa na nesi Mkenya aliyeitwa Nafula.

"Jana alikula nini?" nesi aliuliza.

"Samaki," mama alijibu. "Nilichelewa kuwakaanga, na jua lilikuwa kali. Ni mimi nimemfanyia hivi mwanangu."

"Na maji je?"

"Maji ni safi," mama alisema. "Tangi limeoshwa mara tatu."

Baba aliinamisha kichwa. "Tukirudi mjini naiuza hiyo karavani," akasema.

Mwanahawa alimwangalia mama akijifuta macho kwa ncha ya kanga. Angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua.

"Si samaki," alisema. "Tangi niliosha mara moja tu. Niliwadanganya."

Nafula akamshika bega. "Asante kwa kusema. Sasa huyu mtoto hatarudishwa kunywa maji yale yale." Akachanganya dawa ya kurudisha maji mwilini, akamnywesha Amiri kijiko baada ya kijiko. Ilipofika adhuhuri, mtoto alikuwa anaomba biskuti.

Walirudi kambini, baba akafungua tangi na kumulika ndani. Utelezi wa kijani ulikuwa umegandia kuta zake. Hakugomba. Alivingirisha suruali, yeye na Mwanahawa wakalisugua na kulimwaga pamoja. Baada ya miaka mingi, karavani ilipokwisha kupata mwenyewe mwingine, saa zile za kukaa mchangani wakisikiliza maji yakichuruzika ndizo Mwanahawa alizozikumbuka kuliko zote.

"Mama, umenikasirikia?" aliuliza.

"Nimekasirika," mama alisema. "Lakini sikukasirika kwa sababu ulichoka. Kila mtu huchoka. Ungesema, 'Mama, nimechoka, bado mara mbili,' ningekuja kushika ndoo. Uliposema umemaliza, ulinizuia nisije kukusaidia, na mdogo wako akaunywa uongo huo kwa kikombe. Kazi isiyokwisha si aibu, mwanangu. Iseme kuwa haijaisha, na wenzako watakuja mwimalize."

Akasogea, akampa binti yake nafasi kwenye mkeka.