Vitunguu Alivyoviacha Mama

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Sesilia aliteka maji kisimani na kumwagilia tuta la vitunguu nyuma ya nyumba yao, Mbagala. Jioni alimwagilia tena. Ulikuwa wakati wa kampeni ya serikali ya kilimo cha kufa na kupona, na hata watu wa mjini walihimizwa kulima kila penye nafasi. Lakini Sesilia alimwagilia kwa ajili ya mama yake.

Mama ndiye aliyepandikiza miche ile, kisha akaugua. Siku yake ya mwisho hospitalini alimshika Sesilia mkono, akasema, "Mwanangu, usiache vitunguu vyangu vikauke." Hakusema neno jingine mpaka akafariki. Tangu hapo sauti ile haikumwacha Sesilia. Aliisikia darasani, aliisikia jikoni. Mara nyingine, akiwa ameinama tutani, alihisi mtu amesimama nyuma yake. Akigeuka, haoni mtu.

Mwezi wa Septemba majani yakaanza kulala na kugeuka manjano. Sesilia akashtuka. "Vinakufa! Mama nitamwambia nini?" Akaongeza maji. Majani yakazidi kulala, na harufu mbaya ikaanza kutoka ardhini.

Baba yake, Alfonsi, aliyekuwa kuli bandarini, alimwuliza, "Vitunguu vya mama yako vinaendeleaje?"

"Vizuri, baba," alijibu, macho chini.

Siku moja jirani yao, Bi Samiha, alikuja kuazima kinu. Akasita uani, akanusa.

"Sesilia, harufu gani hii?"

"Shikamoo, bibi. Sijui."

"Marahaba." Bi Samiha akachutama, akafukua kitunguu kimoja. Kikabonyea vidoleni, kimeoza. "Nani anamwagilia mpaka sasa?"

Sesilia akaangua kilio, akamweleza yote.

"Maskini, mjukuu wangu! Mama yako alisema hayo miche ikiwa bado michanga. Kitunguu kikilaza majani hakifi, kimekomaa. Hapo hakitaki maji tena, kinataka kung'olewa."

Wakaving'oa pamoja. Karibu nusu vilikuwa vimeoza. Vilivyosalimika wakavianika kivulini, juu ya jamvi.

Baba aliporudi, Sesilia hakungoja kuulizwa. "Baba, nilikudanganya. Vitunguu vimeoza, nami ndiye niliyeviozesha. Kila siku namsikia mama akiniambia nisiviache vikauke."

Alfonsi akainama. Akaokota kitunguu kizima jamvini, akakifuta mchanga kwa kidole gumba.

"Hata mie namsikia," alisema taratibu. "Kila nikifungua mlango huu, namsikia akiniita. Sikukwambia, nikadhani ni mimi peke yangu."

Akamketisha binti yake kando yake.

"Bidii yako ni kubwa, mwanangu, ila uliogopa kuuliza, na uliponificha, uozo ukapata nafasi ya kuenea. Neno la marehemu hutunzwa kwa akili, si kwa hofu. Usipolielewa, uliza walio hai. Tupo."