Chanuo Mkononi mwa Bénite

Kila asubuhi, kabla ya kufungua depo ya kakao kule Vulamba, mtaa wa Butembo, Mama Sophie alizunguka nyuma ya nyumba, akaingia katika chumba kidogo cha mashine na kuigusa. Aligusa waya wa umeme, akagusa betri, akagusa flashi iliyochomekwa ubavuni. Kisha alitoa kalamu na kuandika daftarini: saa kumi na mbili na nusu, inawaka, flashi iko. Saa sita mchana alirudia, na jioni alirudia tena.

Bénite, mtoto wa marehemu dada yake, alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu na kichwa kilichojaa sifa zake mwenyewe. Kila alipomwona mama yake mdogo akiandika, alicheka puani. Mashine ilijiandikia kila kitu yenyewe, tena kwa sekunde. Mwanamke aliyeuza unga wa muhogo sokoni miaka ishirini angeiongezea nini kwa kalamu?

Ni kweli kwamba bila Bénite mashine ile isingewaka. Koperative ya wakulima wa Mabalako ilikuwa imejiunga na blokcheni, yaani daftari moja linalotunzwa na mashine nyingi katika miji mingi, kiasi kwamba hakuna mtu awezaye kufuta ukurasa kwa siri. Kila mashine huitwa nodi, na kila nodi ni shahidi. Ndani ya daftari hilo kulikuwa na mkataba-janja, mkataba unaojitekeleza wenyewe: mashahidi wakikubaliana kuhusu uzito wa gunia, gunia linapewa namba, na mnunuzi analipokea. Gunia lisilo na namba linabaki depo likingoja ukungu.

Siku ya kuifunga mashine, wanakamati walikuja na tai shingoni kuangalia kisanduku kisichozidi katoni ya viatu. Walitikisa vichwa kukubali kila liliposemwa neno wasilolijua, na wasilolijua lilikuwa kila neno. Mwenyekiti wao, Bwana Kahongya, alisifu feni. Bénite ndiye aliyesoma maelekezo, akaandika amri moja baada ya nyingine, akaisubiri mashine siku sita nzima inakili kurasa zote tangu ule wa kwanza. Aliifanya kazi hiyo vizuri. Ubaya ni kwamba tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kumwambia neno.

Kwa sababu umeme wa Butembo una tabia zake, mashine ya pili iliwekwa Beni, chini ya ulinzi wa kijana aitwaye Sadrack. Zote mbili zilitia saini kwa ufunguo mmoja wa siri, na nakala yake ya Butembo ilikuwa ndani ya flashi. Hivyo kulikuwa na sheria moja tu. Kabla Beni haijawashwa, mtu wa Butembo aende mwenyewe, achomoe flashi, aishike mkononi, ndipo aseme kwenye simu kwamba anayo. Mashine zote mbili zikisema kwa pamoja, ni shahidi mmoja anayetoa habari mbili, na mashine nyingine humfukuza papo hapo bila kumsikiliza.

Bénite aliiona sheria hiyo kuwa ya wazee. Akaipanga mashine iwe inajiwasha yenyewe kila umeme unaporudi, ili asisumbuke kuinuka kitini. Hakumwambia mtu. Alijiona amewashinda wahandisi wote.

Wakati wa likizo ya Pasaka, Mama Sophie alikwenda kuzika ndugu yake huko Lubero. Alimwachia Bénite daftari, kalamu na ufunguo wa chumba. Siku iliyofuata, mchana, Bénite alikuwa kwa rafiki yake, mwendo wa dakika kumi kutoka depo, akisukwa nywele. Mvua ilinyesha, umeme ukakatika mtaa mzima. Baada ya nusu saa betri nayo ikaisha, na Sadrack akapiga simu kutoka Beni.

"Butembo imenyamaza. Ulishatoa flash?"

"Nilishatoa," alijibu Bénite. "Iko mu mukono."

"Uko sûr?"

"Mimi siko mutoto, Sadrack. Washa."

Mkononi mwake alikuwa ameshika chanuo.

Basi Sadrack akawasha. Dakika kumi na mbili baadaye umeme ulirudi, na mashine ya Vulamba, kwa ule ujanja wa Bénite, ikajiwasha, ikaukuta ufunguo wake mahali pake, ikaanza kutia saini. Shahidi mmoja alisaini kurasa mbili tofauti za namba ileile. Koperative ilifukuzwa kabla msusi hajamaliza mstari mmoja wa nywele.

Bénite alipofika depo, alikuta maandishi mekundu kwenye skrini ya mashine: nodi imefukuzwa. Angeweza kupiga simu na kusema ukweli. Badala yake alichomoa flashi, akafungua daftari alilolidharau, na kwa mwandiko mzuri akaandika: saa nane na dakika arobaini, flashi imetolewa. Daftari la kijinga lilikuwa limepata faida ghafla.

Magunia mia moja na arobaini kutoka Mabalako yalikuwa depo bila namba, na mvua haikukatika. Wanachama wenzao wa blokcheni katika miji mingine walituma ujumbe kwamba wanataka barua ya maelezo. Barua ikiwa ya kweli, wangepiga kura kuwarudisha. Ikiwa ya uongo, mlango ungefungwa moja kwa moja.

Jumatatu kamati ilikutana depo, tai zikiwa shingoni. Sadrack alikuja kutoka Beni kwa pikipiki, amelowa hadi soksi. Alieleza kwamba aliuliza na akajibiwa. Bwana Kahongya alifungua daftari, akasoma mstari ule mzuri, akamtazama Sadrack kama mtu anayetazama jipu. Kwa maoni yake, kijana aliwasha mapema na sasa anasingizia mtoto. Aondolewe kazini, na jina lake liandikwe kwenye barua. Wengine walitikisa vichwa, kazi waliyoizoea.

Ni haki tuseme ilivyokuwa: moyoni Bénite alipumua.

Kisha Mama Sophie akasimama. Alikuwa amerudi kutoka mazishini asubuhi ile, kitambaa cheusi bado kichwani.

"Mimi sikukuwa hapa," alisema. "Mais kama Bénite aliandika mu kitabu yangu asema aligusa, donc aligusa. Kitabu ile haiyadanganya hata siku moja. Kama inadanganya, mimi mwenyewe nitatoka mu hii kazi leo."

Bwana Kahongya akasema vema, lakini mashine nayo ina kumbukumbu zake. Akamwomba Bénite aisome kwa sauti, kwa kuwa hakuna mwanakamati aliyejua kuisoma, na Sadrack ndiye aliyeshtakiwa.

Hapo kila kitu kilikuwa mikononi mwake. Angesoma lolote, na wale wenye tai wangelitikisia vichwa. Alimtazama Sadrack, ambaye suruali yake bado ilidondosha maji. Alimtazama mama yake mdogo, mtu ambaye yeye Bénite alimcheka kila siku mara tatu, na ambaye sasa alikuwa ameweka jina lake mbele ya watu kwa ajili yake. Aibu ikampanda hadi masikioni.

"Saa nane na dakika hamsini na mbili," alisoma. "Imewaka yenyewe. Ufunguo umepatikana." Akawageukia. "Flash ilikuwa ndani. Sikwenda kugusa. Nilidanganya Sadrack, kisha nikadanganya kitabu. Mama mudogo asitoke. Nitoke mimi."

Bwana Kahongya ndiye aliyejikusanya kwanza, na akili yake ikaenda ilikozoea. Alishauri barua iseme tu kwamba palitokea hitilafu ya umeme. Ni nani asiyejua umeme wa Butembo?

Mama Sophie alimgeukia polepole. "Papa Président, courant haina kinywa ya kujitetea. Njo maana munapenda kuisingizia." Kisha akamsukumia Bénite karatasi. "Andika. Yote, na ile ya kujiwasha pia."

Bénite aliandika kurasa mbili, hakuacha hata chanuo. Barua ilipotumwa, kazi ikabaki ile ya mikono. Kwa siku kumi na nane, kila jua lilipochungulia, yeye na Mama Sophie walifungua magunia, wakaanika kakao juu ya turubai, wakaigeuza, na wingu likitanda wakaikimbiza ndani. Magunia tisa yaliota ukungu, yakatupwa. Bénite aliyabeba mwenyewe hadi jalalani, na kila gunia lilikuwa na jina la mkulima.

Siku ya kumi na tisa kura ilipigwa, wakakubaliwa. Mmoja wa wanachama aliandika kwamba hajawahi kuona barua isiyomlaumu mtu mwingine. Magunia yaliyobaki yakapata namba, lori likapakia.

Kesho yake asubuhi Mama Sophie alimpa Bénite kalamu. Bénite akasimama mlangoni pa chumba. Kutoka pale taa ya kijani ilionekana vizuri kabisa, na feni ilisikika. Akafungua daftari, akaanza kuandika saa.

Mama Sophie alimshika mkono. "Uligusa?"

"Ninaiona, mama mudogo. Inawaka."

"Sikia, mwanangu. Akili yako ni mingi, sikatae. Mais bale batu ba Mabalako hawajue akili yako. Banajua neno yako tu. Ukizarau kazi kidogo, utadanganya juu ya kazi kidogo, na kisha kakao ya batu itaoza. Neno ya kweli inaanzia mu mukono, kisha njo inafika mu kinywa."

Bénite alifunga kalamu. Akaingia chumbani, akagusa waya, akagusa betri, akagusa flashi, akatoka na kuandika: saa kumi na mbili na nusu, inawaka, flashi iko. Mama Sophie alisoma mstari ule, kisha naye akaingia kugusa kwa mkono wake.