Katapila Lililokosa Pumzi

Katapila lilikohoa mara tatu, likatema moshi mweusi, likazima. Ilikuwa Septemba ya mwaka 1951, saa nne asubuhi, katikati ya mbuga iliyo chini ya kijiji cha Mkwajuni, na vumbi lilikuwa jingi hata jua likawa jekundu. Hezron, dereva, aligeuka kumtazama Nikodemo, mume wa dada yake, aliyekuwa amefungwa kwa kamba kitini asianguke. Jana yake waya wa kuvutia visiki ulikatika ukampasua paja. Lori la kambi ya wajenzi wa barabara lilikuwa limeondoka na watu wengine kufuata dizeli, na lisingerudi mpaka Jumamosi. Maji waliyobaki nayo hayakujaza kopo. Mto Songwe ulikuwa maili saba mbele, na kando yake palikuwa na dispensari ya misheni.

"Kuna nini, shemeji?" Nikodemo aliuliza.

"Limekosa pumzi."

Hezron alishuka, akafungua bakuli la chujio la hewa. Oili, ambayo kazi yake ni kunasa vumbi kabla halijaingia kwenye injini, ilikuwa imegeuka uji wa matope. Lilitakiwa kusafishwa kila asubuhi, naye alikuwa ameruka siku nne ili barabara iishe upesi arudi nyumbani Itaka. Tena juzi alimwambia msimamizi, macho makavu, kwamba amelisafisha. Mtu mzima mwenye leseni, ovyo kabisa!

"Litupe hilo dude, twende hivyo hivyo," alisema Nikodemo.

"Likimeza vumbi hili bila chujio, injini itakufa njiani. Wewe hutembei, na mimi siwezi kukubeba mpaka mtoni."

Akamwaga tope. Akaosha wavu wa chujio kwa dizeli kidogo iliyobaki kwenye tangi, mara moja, mara mbili, mara tatu, hata dizeli ikatoka safi. Akavua shati, akapangusa bakuli, akamimina oili mpya mpaka kwenye alama, bila kuzidisha hata tone, maana ikizidi injini huinywa. Mikono ilitaka kuharakisha, akaikataza. Nyuma yake Nikodemo alitetemeka kwa homa.

Injini ikawaka. Wakaenda polepole, mwendo wa ng'ombe, hadi miti ya mtoni ikaanza kuonekana. Hapo Hezron akazima injini.

"Una wazimu? Mto ule pale!"

"Nauona. Na vumbi lililo kati yetu na mto nimeliona pia. Kunywa."

Akampa maji yote yaliyosalia, kisha akafungua bakuli tena. Lilikuwa nusu tope. Akaosha vilevile, kwa utulivu uleule, ingawa midomo yake ilikuwa imepasuka na Nikodemo alikuwa ameacha kulalamika, jambo lililomtisha kuliko kelele.

Saa nane walifika mtoni. Fides, muuguzi wa misheni, alishuka na wanaume wawili na machela. Alimnywesha Nikodemo kidogo kidogo, akalitazama jeraha, akasema mguu utapona.

Hezron alipiga magoti kando ya machela.

"Shemeji, sikulisafisha lile chujio. Nilidanganya."

"Nilijua," alisema Nikodemo. "Nilikuwepo ulipomwambia msimamizi. Nikanyamaza, maana na mimi nilitaka kuwahi kwa dada yako."

Hezron akakaa chini mchangani, akalia bila haya, na wabeba machela wakasubiri.